Njia ya Bi Mkubwa

Tarehe 4 Machi

Dada yangu Mkasi,

Huku mzima, sijui huko. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanafikiria kuhama? Nisalimie wote, hata yule mteja wako anayekuja kupimwa kila wiki na gauni haliishi.

Kazi nimepata. Usicheke kwanza, soma. Nimeajiriwa kutembeza kakakuona, kwenye kituo cha kutunza waliookolewa.

Unamjua, yule mnyama wa magamba anayejikunja akawa mpira akiona mtu. Ukimfungia, hali kitu. Unaweza kumletea mchwa kwenye sahani ya kifalme, atakutazama tu mpaka afe. Anataka kumtafuta mdudu mwenyewe, achimbe, alambe, asogee. Kwa hiyo kila mmoja hapa ana mtu wake wa kumfuata nyuma. Jua likipoa tunatoka, anakula, mimi nasubiri, kisha namrudisha. Wangu ni jike, nimemwita Bi Mkubwa kwa sababu ya mwendo wake: anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono kaikunja kifuani kama mwalimu mkuu anayekagua madawati. Alikutwa ndani ya gunia kwenye buti ya gari, kakauka. Wenye kuyataka hayo magamba wako wengi, na wa aina yake waliobaki wanahesabika. Tena ana mimba, dada.

Sharti la hapa ni moja kubwa. Kila mtembezaji anachagua njia yake na hamwambii mtu, si mwenzake, si msimamizi. Msimamizi mwenyewe anasema, "Hata mkinining'iniza miguu juu sitasema, maana sijui." Simu zinafungiwa getini kwa sababu picha moja tu inaweza kuonyesha ilipopigwa. Barua tunaruhusiwa, ila yeye huzisoma kabla ya kuzifunga, na penye kuonyesha mahali anapapaka wino. Tunamwita Miwani. Ni mtu wa watu, ndiye aliyenichukua nikiwa sina mbele wala nyuma.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 22 Machi

Kwako Bwana Kimya, mume wa Bi Mkubwa,

Nimecheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. Mama nilipomsomea aliuliza mara mbili kama umesoma miaka yote ile ili ufuate mnyama nyuma, halafu akaenda kumwambia jirani kwa majivuno. Kesho yake mtaa mzima ulijua. Mama yako unamjua, ukimpa siri ni kama umeipeleka redioni. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anasahau.

Barua yako ilifika ina mistari miwili imepakwa wino mweusi tititi. Huyo Miwani wako ana mkono mzito. Ulikuwa umeandika nini hapo, jina la mto? Basi tena.

Shemeji yako anakusalimu. Anaulizia sana kuhusu huko kwenu. Mko upande gani, mnafikiwa na gari gani, wanaingia watu wangapi. Nikamwambia muulize mwenyewe, mimi si posta. Siku hizi simu yake ikilia anatoka nje kuipokea. Zamani alikuwa anaongea mbele yangu kwa sauti mpaka namwambia apunguze. Lakini hayo ni ya kwetu, yaache.

Una nguo za baridi? Nipe kipimo cha mabega, umenenepa au umekonda?

Dada yako,
Mkasi


Tarehe 2 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimekonda kidogo, mabega yale yale. Mpe mama pole, mwambie asipande ngazi.

Bi Mkubwa kazaa! Mtoto mmoja, magamba bado laini kama kucha za kichanga. Anapanda juu ya mkia wa mama yake, anashikilia, wanatoka hivyo hivyo kutembea. Akisikia tawi limevunjika, mama anajikunja na mtoto yuko ndani, humwoni kabisa. Siku ya kwanza nilikaa chini nikalia, na sioni aibu kukwambia.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita tulikuta waya wa uzio umekatwa. Nyayo za viatu ndani, za watu wasio wa hapa. Miwani alituita wote, akasema taratibu kama kawaida yake, "Mmoja wenu ana ndugu mwenye mdomo." Hakunitazama. Ndiyo maana naona alikuwa ananisema mimi.

Dada, kwa nini shemeji anauliza tunafikiwa na gari gani? Na hizo simu za nje ni za nani? Sisemi kitu, nauliza tu.

Miwani baadaye alinifuata chumbani, akanishika bega. Akasema ananiamini, barua zangu hatazisoma tena, nizifunge mwenyewe, yeye atabeba tu mfuko mpaka posta. "Mwandikie dada yako upendavyo," akasema, "usijifungie moyo." Kwa hiyo wino mweusi hutauona tena.

Kimya


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Tunaendelea. Mama mzima. Hongera kwa mtoto wa magamba.

Mvua imenyesha ikaingia dukani, kitambaa cha mteja kimeloa, nimekianika nyuma. Cherehani ndogo imeharibika, fundi anasema atakuja kesho, na kesho yake haina tarehe. Kuna harusi ya binti wa jirani, nashona sare za watu wengi, mgongo unauma.

Hukunipa kipimo. Nitakata kwa kukumbuka.

Dada yako


Tarehe 9 Juni

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Nimefurahi kusikia kuhusu harusi. Pole kwa mgongo, mwambie shemeji aukande.

Mambo huku yametulia. Nimepata njia mpya ya Bi Mkubwa, nzuri ajabu. Kuna karakana ya zamani ya matrekta, paa limeanguka, upande wa machweo ukitoka kwetu. Nyuma yake kuna vichuguu vimejipanga kama viti vya mkutano. Kila siku jua likipoa tuko pale, yeye, mtoto na mimi. Hakuna mtu anayefika huko.

Nakuandikia kwa vile najua unapenda kujua nilipo.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 18 Juni

Dada,

Sitauliza kuhusu mama leo.

Ile karakana ya matrekta niliyokuandikia, Bi Mkubwa hajawahi kukanyaga. Nilikutega. Nilikwambia wewe peke yako, sikumwambia kiumbe mwingine. Niliandika, nikatia kwenye mfuko wa barua, nikaanza kwenda pale asubuhi asubuhi kuangalia, peke yangu, moyoni nikiomba nisikute kitu.

Siku tano tu zilipita. Nyuma ya karakana nimekuta matanzi ya waya kwenye kila kichuguu. Gunia limekunjwa vizuri, limewekewa jiwe juu lisipeperuke. Vipande vya sigara bado vipya. Walikaa wakimsubiri, dada. Wangemtia kwenye gunia akiwa amejikunja, na mtoto wake katikati.

Nilikuuliza kuhusu simu za mume wako, ukanijibu habari za cherehani. Ulidhani sitaona? Barua yako nzima haikuwa na jina lake hata mara moja. Unamficha. Sasa sijui kama unamficha kwa sababu unamwogopa au kwa sababu na wewe umo.

Namwambia Miwani kila kitu leo. Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Kimya


Tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Sina la kukujibu. Mama mzima.

Koti hili nilikuwa nimeshalikata, siwezi kulirudisha kuwa kitambaa. Shemeji yako analileta mwenyewe kwa mkono, kwa sababu ni kubwa kwa posta. Ukitaka kumtemea mate getini mtemee, amesema atasimama tu.

Bega la kushoto nimelishona haraka haraka. Likikuchoma, lifumue.

Dada yako


(Iliyoshonwa ndani ya bega la kushoto la koti)

Wewe mjinga wangu,

Kama unasoma hii basi bado unanijua. Unajua sijawahi kushona kitu haraka haraka tangu nizaliwe.

Sikiliza vizuri, na ukimaliza ichome. Barua yako ya matusi ilinifikia upesi ajabu. Nikaisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Karakana gani? Matrekta gani? Mdogo wangu, hiyo barua ya karakana sikuwa nimeiona! Nilidhani umechanganyikiwa. Nikamwita mume wangu, nikamsomea yote, hata pale uliposema namficha. Na mimi nikamrushia maneno yangu, maana usidhani nilikuwa namwamini. Nilishampekua mifuko. Nilishamfuata mpaka kona ya barabara nikajificha nyuma ya gari la mkaa nikimsikiliza, mtu mzima mimi.

Unajua alikuwa anaongea nini kwenye simu? Gereji wamempunguza. Anatafuta kazi. Alikuwa anauliza huko kwenu mnafikiwaje kwa sababu alitaka akuombe umtafutie hata ya ulinzi, akaona haya kuomba kwa shemeji mdogo. Alipokuwa ananieleza alikuwa anatazama sakafu. Nilitamani inimeze.

Halafu juzi ndiyo ikaja barua ya karakana. Umeielewa hiyo? Uliiandika kwanza, imefika mwisho. Bahasha nimekuwekea humu ndani ya sponji ya bega, tazama muhuri wa posta wa kwenu. Imepigwa muhuri baada ya wewe kuandika kuwa umeshakuta tanzi na gunia. Wakati wale watu wanatega waya, barua yako ilikuwa haijatoka huko kwenu. Ilikuwa bado kwenye mkono wa mtu. Na gundi ya bahasha imebandikwa mara mbili, mimi ni fundi, naona kitu kilichofumuliwa kikarudishiwa.

Nani anabeba mfuko wa barua? Nani alikwambia hatazisoma tena? Nani alikwambia uandike upendavyo? Sharti lenu linasema msimamizi asijue njia. Basi mtu anayetaka kuijua atafanyaje? Atakaa kwenye kiti chake, avae miwani yake, asubiri umwandikie dada yako.

Na wewe umesema unamwambia kila kitu. Natumaini hukumwambia njia ya kweli. Mungu wangu, natumaini hukumwambia.

Nimekukasirikia sana, usidhani imekwisha. Tutagombana vizuri ukija. Sasa mwokoe huyo mke wako.

Mkasi


Tarehe 30 Agosti
(Kwa mfungwa, mikononi mwa mkuu wa gereza)

Mdogo wangu,

Nakuandikia huku sijui kama nitapata jibu. Mama anaugua ugua. Harusi ya jirani ilipita, sare zilipendeza.

Polisi walikuja. Walipekua duka langu, wakamwaga vifungo vyote chini, wakafungua mpaka mito. Wanatafuta magamba. Wanasema ulitoka na yule mnyama na mtoto wake jioni, ukarudi asubuhi mikono mitupu, ukatembea mwenyewe mpaka kwa msimamizi ukasema umeuza. Wanasema hata hukupigwa kofi, ulisema tu. Msimamizi wenu alihojiwa redioni, analia.

Ulijua anatafutwa na watu wenye uwezo. Ulijua yuko wapi wewe peke yako. Na huku nyumbani tuna shida, hilo ulilijua kutoka kwangu, nililiandika mimi mwenyewe. Sasa nashindwa kulala nikijiuliza kama mimi ndiye niliyekutia wazo.

Mume wangu anasema haiwezekani. Anasema siku ile ya koti ulimrudia mbio getini kabla hajaondoka, ukamshika mkono kwa mikono miwili, na mtu wa namna hiyo hauzi. Mimi naendelea kushona. Ulinishuku bila kosa, na sasa nami nakushuku, na sitaki.

Niambie neno moja la kweli.

Dada yako


Tarehe 21 Septemba
(Kwa mkono)

Dada,

Anayekuletea hii ametoka leo, tulilala naye chumba kimoja. Ni fundi viatu. Mpe maji ya kunywa na usimuulize kitu, hajui kilichomo. Zinazopita ofisini zote zinasomwa, ndiyo maana sikukujibu. Nimekusumbua, najua.

Sikumuuza.

Nililifumua bega siku ile ile. Nilipoona muhuri, nilikimbia getini kumshika mkono mume wako, kisha nikarudi chumbani kufikiria haraka, maana asubuhi ile Miwani alikuwa ameshaniambia tumhamishie Bi Mkubwa kwenye banda nyuma ya ofisi yake, "kwa usalama, mpaka upelelezi uishe." Nilikuwa nimekubali! Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema asante! Ndani ya banda asingekula, na kabla hata hajakonda angekuwa ameshapotea, na mimi ndiye mwenye shemeji mbaya, ushahidi wa barua upo. Niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilifikiria kuonyesha bahasha kwa wakubwa. Nani atanisikiliza? Picha ya Miwani kambeba Bi Mkubwa iko ukutani kwenye ofisi zao zote. Bahasha inasema barua ilichelewa, basi. Wakati wanajadili, mnyama yuko bandani.

Kwa hiyo nilimtoa jua likipoa kama kawaida, ila sikumrudisha. Tulipita uzio, tukaendelea. Alikuwa anakula na kusogea, mtoto mkiani, na mimi nyuma nikimwacha achague. Nilipochoka nilikaa, naye akaja akanusa kiatu changu, huwa anafanya hivyo tukitaka kurudi. Sikusimama. Alisubiri, dada. Akanusa tena. Kisha akapata shimo la zamani la muhanga, yule mnyama mchimbaji, akaingia na mtoto wake, nikaondoka nisije nikabadili mawazo.

Njiani kurudi nikaona kosa langu. Nikisema nimemwachia huru, kesho yake watu wa Miwani wataingia porini na mbwa. Hawezi kuwa mbali, ana mtoto. Nikisema amepotea, hivyo hivyo. Kuna jibu moja tu linalomfanya mwindaji arudi nyumbani, ni kwamba mwenzake amemwahi. Ndiyo maana nilisema nimemuuza. Wakauliza kwa nani, nikasema kwa mtu nisiyemjua kwenye gari nisilolijua. Miwani alinijia huku kunitazama. Akainama akaninong'oneza, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa mfukoni. Nilimchukia, na nilifurahi.

Mbwa hawakupelekwa.

Sasa sikia. Ninahitaji wote waamini, mpaka yule mtoto akue aachane na mkia. Mtu akikuuliza, mimi ni mwizi. Mume wako umwambie, anastahili, na umwambie anisamehe. Mtu mwingine hapana. Ukiniandikia hapa, niandikie kama dada aliyeaibishwa, barua inasomwa, na Miwani ana rafiki ofisini. Na mama, dada. Nimelifikiria sana la mama. Unamjua alivyo. Sikwambii ufanye nini.

Ni wapi, usiniulize, hata nikitoka.

Kimya


Tarehe 14 Oktoba
(Kwa mfungwa, mikononi mwa mkuu wa gereza)

Wewe,

Sikuulizi hali. Unapewa chakula cha bure na watu uliowaibia.

Nakujulisha kwamba dukani wateja wamepungua kwa ajili yako. Yule wa gauni lisiloisha amechukua kitambaa chake akakipeleka kwingine. Aliniuliza mbele ya watu kama ni kweli mdogo wangu aliuza mnyama mwenye mtoto mchanga, nikamjibu ni kweli, ana roho ya jiwe tangu utotoni. Mume wangu alikuwa amekaa pale anakata kitambaa, akaweka mkasi chini akatoka nje. Alirudi macho mekundu, akasema ni vumbi. Usitegemee atakuja kukuona.

Mama alinikalisha chini juzi. Alikataa kusikia kutoka kwa majirani, alitaka kusikia kwangu. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Wewe huwezi kunidanganya. Mtoto wangu kafanya?" Nikamtazama usoni nikamwambia kafanya.

Akaniachia mikono. Akaenda kuitoa picha yako ukutani, akashindwa kuufikia msumari, magoti. Akaniomba mimi nimtolee.

Nimeitoa.

Kaa huko huko. Koti livae, huko kuna baridi.

Dada wa mwizi